Pikipiki Iliyonusa Mali

Mdomo Asali alikuwa amekaa kwenye benchi la kinyozi, akingoja mtu wa kumpunguzia uzito wa mfuko, alipoona pikipiki ikija kama mlevi anayerudi nyumbani kwa mke mkali. Mwendeshaji aliung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, uso umemkunjamana, na bado ikamvuta kushoto, kushoto, mpaka ikaingia mtaroni na kuzimika. Watu walicheka. Mdomo Asali hakucheka. Mtu hachekelei chakula kinapoletwa mezani.

Alikuwa mgeni mtaani pale. Watu wa kazi yake hawakai mahali pamoja muda mrefu, kwa sababu za kiafya. Hata hivyo alishamjua mwenye pikipiki kwa sifa. Alikuwa Baba Vyumba, tajiri mwenye vyumba vya kupangisha kila kona, ambaye kwa ukarimu wake aliwawekea wapangaji wote balbu moja ya choo ili wasikose cha kugombania.

"Pole sana, mzee wangu," alisema Mdomo Asali akisaidia kuivuta pikipiki. "Imeanza lini?"

"Tangu nibadilishe mnyororo. Niliufunga mwenyewe. Sasa mafundi wanasema eti gurudumu la nyuma limekaa upande. Wanataka walilegeze, walipime, walinyooshe. Kila neno hapo lina bei yake."

"Umefanya vizuri kuwakatalia. Fundi akiukosa ugonjwa, huuzaa."

Baba Vyumba akamtazama kwa upendo. Hakuna kinachomgusa bahili kama kuambiwa kwamba ubahili wake ni akili.

Mdomo Asali aliizunguka pikipiki, akagonga tangi kwa kidole, akatega sikio. Kisha akatazama ng'ambo ya mtaro, upande wa kushoto. Palikuwa na kiwanja kitupu, majani makavu, na mawe yaliyochomoza kama magoti ya watu waliolala.

"Inakuvuta zaidi wapi, mzee?"

"Kila mahali."

"Lakini umeangukia hapa."

Baba Vyumba akafikiri. "Hapa, ndiyo."

"Chuma hakivutwi na hewa. Huvutwa na chuma mwenzake, au na kitu kilicho bora kuliko chuma." Akashusha sauti. "Tujaribu. Kama ugonjwa ni wa pikipiki, tukirudi itavuta kushoto vilevile. Kama ni hiki kiwanja, basi tukirudi kitakuwa kulia kwetu, na itavuta kulia."

Ulikuwa uchunguzi wa kisayansi kabisa, na kasoro yake ilikuwa moja tu: mwanasayansi alipanda nyuma. Walikwenda hadi kwenye mashine ya kusaga, wakageuza. Walipokikaribia kiwanja, Mdomo Asali aliulaza mwili wote kulia, kama mtu anayetaka kusikia siri ya mpita njia. Pikipiki ikavuta kulia.

"Imegeuka," alinong'ona Baba Vyumba.

"Mimi sijasema kitu, mzee wangu. Nawe usimwambie mtu. Mwenye kiwanja hajui alichokikalia. Niache nimtafute, nimlainishe. Nikikipata nitakuuzia wewe, na faida yangu iwe ya chai tu."

Kinyozi alipoulizwa kiwanja ni cha nani, alimwelekeza sokoni, kwenye kibanda cha mama mmoja mshonaji mwenye cherehani iliyolia kama mbuzi mgonjwa.

"Kiwanja changu?" alisema mama, akitoa pini mdomoni. "Unakitakia nini?"

"Kufuga kuku, mama yangu."

"Unajua kuna nini chini yake?"

Mdomo Asali alihofia kwamba uvumi wa mali umeshamfikia, lakini uso aliutuliza. "Mawe tu, mama. Kuku hawachimbi visima."

"Njoo kesho."

Jambo ambalo kinyozi hakuulizwa, na kwa hiyo hakulisema, ni kwamba mama yule alikuwa mke wa Baba Vyumba. Na jambo ambalo Baba Vyumba hakulijua ni kwamba mkewe ana kiwanja. Alikinunua kwa siri, kwa akiba ya miaka ya kushona sare za shule, kutoka kwa bwana mmoja mwenye maneno matamu. Wachimba msingi walipokwenda, walivunja sururu wakarudi kudai nyingine. Mama akanyamaza. Mwanamke aliyeolewa na bahili haendi kumwambia kwamba amenunua mwamba.

Jioni hiyo Baba Vyumba hakumaliza sahani yake.

"Mama watoto, nikikwambia pikipiki yetu imegundua dhahabu, utasemaje?"

Akasimulia yote. Mkewe alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mtaalamu wako alikaa wapi mlipokuwa mkirudi?"

"Nyuma yangu."

"Ni mwembamba?"

"La, ana mwili wa kutosha." Baba Vyumba akaulaza mwili kulia pale kitini, taratibu, kisha akanyooka. "Sitanunua," akasema mwishowe.

"Usinunue. Ila akikuuliza, mwambie fedha ziko tayari." Mama akavuta pumzi. "Kiwanja hicho ni changu, baba watoto. Nilitapeliwa, nikaona haya kukwambia. Utagomba kesho, leo niache nikiuze."

Baba Vyumba alifungua kinywa agombe papo hapo. Kisha akakumbuka ni nani aliyekuwa akifukuza dhahabu kwa pikipiki, akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake mama alitaja bei. Mdomo Asali akashusha, mama akapandisha. Mdomo Asali akakimbia kwa Baba Vyumba kumuuliza kama fedha ziko tayari. "Ziko tayari," alijibu Baba Vyumba, wala hakusema uongo. Fedha zake zilikuwa tayari siku zote, kasoro yake ilikuwa kwamba hazitoki. Basi Mdomo Asali akakusanya jasho la watu wa mtaa uliopita, akauza saa na simu, akalipa.

Kabla ya kutia sahihi, mama alimshika mkono. "Mwanangu, nakuuliza mbele ya mashahidi. Unajua kilichomo chini?"

"Najua, mama. Ni mawe."

"Jamani, mmesikia."

Asubuhi iliyofuata Mdomo Asali alisimama kiwanjani kwake, shati limepigwa pasi, akimngoja tajiri wake. Pikipiki ikatokea. Ilikuja imenyooka, mwendeshaji akiishika kwa mkono mmoja, kwa wa pili akijikuna shingo.

"Imepona, mzee wangu?"

"Mama watoto alinipeleka kwa fundi kwa nguvu. Amelegeza ekseli, kile chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, akasawazisha skrubu za mnyororo pande zote mbili, gurudumu likanyooka, basi. Kazi ya muda mfupi." Baba Vyumba alitazama mawe kwa heshima. "Hongera kwa kiwanja. Mke wangu amefurahi sana. Amenunua cherehani ya umeme."

Ilimchukua Mdomo Asali muda kuyaunganisha maneno hayo. Alipoyaunganisha, alikimbia mpaka sokoni. Akajitupa kwenye benchi la wateja, akihema.

"Mama, nimetapeliwa."

"Na nani, mwanangu?"

Mdomo Asali akaufungua ule mdomo uliompa jina. Kila jibu lililomjia lilianza na kosa lake mwenyewe. Akaufunga.

Mama aliendelea kushona, cherehani mpya ikinguruma taratibu. "Mimi nilipokwenda kumtafuta aliyeniuzia, nilikuta amehama," alisema. "Afadhali wewe umenikuta. Lalamika mpaka uchoke, sitakufukuza. Ila umekalia gauni la mtu."

Mdomo Asali akainuka, akalikunja gauni vizuri, akaliweka pembeni, akakaa tena.