Taifa la Kwanza kwa Kufungua Biashara

Mheshimiwa mwenyekiti wa maandalizi. Mheshimiwa makamu wake, ambaye ni shemeji yangu lakini cheo alikipata kwa sifa. Wataalamu wa vipimo mliotoka ng'ambo na kompyuta zenu. Wakuu wa idara, manaibu wao na manaibu wa manaibu. Nanyi wajasiriamali mliosimama juani: ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi kutoka kivulini.)

Ndugu zangu, ripoti ya kulinganisha mataifa kwa kasi ya kuanzisha biashara imetoka, na kwa mujibu wa data, indeksi, paramita na mengineyo ambayo sitaki kuwachosha nayo, sisi ni wa kwanza! (Vifijo vya maofisa.) Wenzetu wenye benki kila kona wanafungua duka moja, wanang'ang'ania hilo hilo miaka ishirini. Jamani, uvivu gani huo? (Kicheko.)

Hapa kwetu, askari wa jiji wakivunja kibanda asubuhi, mwenyewe anakisimamisha jioni, na ofisi yangu, kwa mfumo niliouasisi mimi binafsi bila kusukumwa na mtu, inakisajili kuwa biashara mpya kabisa. Fundi viatu wa pale kona ameanzisha biashara kumi na nne mwaka huu pekee! Simama mzee, wageni wakuone! (Sauti: "Nimesimama, mheshimiwa. Kiti mlikichukua.") Mnauona unyenyekevu huo? Na huyu mama mshonaji...

(Sauti ya mwanamke: "Mheshimiwa, nipeni cherehani yangu! Askari wenu waliibeba, wanangu wanalala njaa!")

Tulia mama, nakuja kwako. Mvumilivu hula mbivu. (Mwanamke: "Mbivu mmezila nyinyi!" Kicheko kirefu juani.) Hebu tuliangalie suala hili kisayansi. Tukimrudishia cherehani, atakaa pale pale akishona mwaka mzima, biashara moja tu, na takwimu itatoka wapi? Si tutaporomoka mbele ya wageni hawa? Mama, kwani wewe hulipendi taifa lako? (Mwanamke: "Nalipenda, ila halijui kushona.")

Ndiyo maana nikabuni Mradi Kabambe wa Jengo la Wajasiriamali, lenye ghorofa nne, lifti, ukumbi wa semina, vyoo vya kisasa na vyumba vya mafundi ambavyo askari hawatavigusa, utekelezaji ukiwa umefikia asilimia tisini na sita katika ngazi ya matarajio! (Makofi. Fundi viatu: "Tuingie lini?") Swali zuri sana, mzee wangu, na limepokelewa.

Ujasiriamali! (Juu!) Takwimu! (Juu zaidi!) Vibanda! (Chini!)

Kwa hayo machache, nawashukuru wataalamu kwa kupima bila kuuliza maswali. Namshukuru mchoraji aliyetuchorea jengo letu kwenye turubai hili kubwa nyuma yangu. Pigeni nalo picha, ila msiliegemee, nyuma yake ni hewa tupu. Na wa kushukuriwa zaidi ni mama mshonaji, kwani vipande vyote vya turubai viliunganishwa kwa cherehani yake, nayo imefanya kazi nzuri hata ofisi imeona tubaki nayo, maana jengo la mwaka kesho lina ghorofa sita. Asanteni sana. Mama, wapungie wageni mkono.