Kiwanda cha Pomadi ya Dongodongo Kinafunguliwa Ntoto

Maneno ya Karani Isidore mbele ya watu wa Ntoto, Jumamosi tarehe 18 Septemba 1954, kuanzia saa tatu asubuhi

Mheshimiwa Papa Kapita Nestor, mshika fimbo ya kijiji na mwenye mbuzi wengi. Mheshimiwa Papa Hubert, katekista, mpiga kengele na mjuzi wa nyimbo tatu za Kilatini. Mheshimiwa Bwana Mkubwa wa Teritware, mtawala wa wilaya yetu, ambaye hayupo, na ambaye kiti chake tumekiweka hapa mbele ili kutokuwapo kwake kuonekane vizuri. Mama waheshimiwa wa Ntoto. Wageni kutoka Masisi mliokuwa mnapita njia tu mkazuiliwa. Nanyi nyote ambao majina yenu yamo katika kitabu changu: ninasimama juu ya sanduku hili la sabuni, mimi Isidore, Karani wa Daraja la Pili, Mshauri wa Ngozi na Nywele kwa bonde zima, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa na wino, ili kufungua rasmi Kiwanda cha Pomadi ya Mboga na Majani ya Bahari. (Makofi. Mbuzi analia.)

Wengi wenu mmeniuliza kiwanda kiko wapi. Swali zuri, swali la watu walioendelea! Kiwanda, ndugu zangu, hakianzi na ukuta. Kinaanza na wazo, wazo linazaa raporo ya maandishi, raporo inazaa komisyo ya kuijadili, komisyo inazaa muhuri, na ukuta ni mjukuu wa muhuri. Sisi tuko kwenye wazo, mwaka wa pili sasa, bila ajali hata moja. (Makofi machache.)

(Mama Joséphine-Marie, amesimama: "Karani, na shamba yangu? Mvua imenyesha siku tatu!")

Mama Joséphine-Marie, nimekusikia. Kwa faida ya wageni nieleze kwamba uwanja ule wenye vijiti, huko nyuma yenu, karibu na kidimbwi, ni shamba ambalo mama huyu alikuwa akipanda maharagwe ya kulisha watoto wake sita, nami mwaka jana, mwezi kama huu, nililipima kwa kamba kwa ajili ya kiwanda, na asubuhi hiyohiyo nikapanda humo kabichi za majaribio. Nani alizing'oa? Hakuna! Kwa maana desturi yenu, ambayo naisifu mbele ya Masisi nzima, inasema kwamba mbegu ikishaingia udongoni haing'olewi na mtu yeyote, awe kapita, awe mwenye shamba, mpaka izae. Kabichi zangu ziliishi kwa amani hadi zikafika mezani kwangu. Mke wangu Jeannette ni shahidi: pomadi hazikutoa, ladha zilitoa. Na leo, miguuni pangu, katika kikapu hiki, mna miche ya kabichi ya majaribio ya pili, ambayo nitaipanda kwa mkono wangu mara tu hotuba ikiisha.

("Wee Karani, tena mwaka muzima? Batoto batakula nini, pomadi?" Kicheko.)

Subira, mama! Hotuba haijaisha. Hotuba bado ni changa.

Sayansi inasema nini? Sayansi inasema kwamba chakula kinachojenga mwili kwa ndani, kikipakwa kwa nje, hujenga sura. Na mimi nauliza, tangu lini tumbo lifaidi peke yake, ngozi ikiwa dada yake wa nje? Ndiyo maana plani yetu imegawa mwili katika sekta: avoka itashughulikia mashavu, boga litasimamia viwiko, mawese yatakaa kwenye visigino, ambako kazi ni ngumu, na nywele zimekabidhiwa dongodongo, ile bamia yenye utelezi, kwa sababu nywele kaidi hazitaki nguvu, zinataka kutelezewa. Statistiki zipo. Katika wanawake kumi waliojaribu, kumi na wawili wameridhika. Mama Agathe hapa alipaka avoka mkono wa kushoto kwa siku tisa, na mkono huo uling'aa mpaka ule wa kulia ukaona haya.

(Mama Agathe: "Nzi njo ziliupenda, Karani! Mume wangu alilala ku jikoni!")

Hayo nayo ni matokeo, nitayaandika. Lakini msitazame mkono wa mtu mwingine, tazameni kichwa changu mimi, ambacho tangu alfajiri kimepakwa dongodongo mbili za kuchemsha na avoka moja iliyoiva, na mnaona jinsi kinavyong'aa, na jinsi matone ya pomadi yanavyoshuka taratibu kwenye miwani yangu, hata nawaona nyote kama mko ndani ya maji, jambo linalonipeleka moja kwa moja kwenye majani ya bahari.

(Mbuzi wa Kapita Nestor anapanda juu ya kiti cha Bwana Mkubwa.)

Asante, Bwana Mkubwa, kwa kufika. Kaa, kaa. (Kicheko kirefu.)

Huko Ulaya, ndugu zangu, mabibi wanapaka majani yanayoota baharini, ambayo pia huliwa, na ngozi zao hazikunjamani hata wakifika miaka mia moja na thelathini. Sisi hatuna bahari. Je, tulilia? Hatukulia. Nilisema: kama jani la bahari halijui Ntoto, Ntoto ijifanye bahari! Nanyi, kwa utii ambao umo katika raporo yangu ukurasa wa nne, mlileta kila nyumba kijiko kimoja cha chumvi, chumvi iliyotoka soko la Mubi juu ya vichwa vyenu, mkaimwaga katika kidimbwi chetu cha samaki. Samaki walijitolea maisha yao. Vyura walihama bila karatasi ya ruhusa, na majina yao ninayo. Leo maji yana chumvi safi, yanangoja majani tu, na majani yenyewe yatakuja mara tu tutakapojua yanaombwa wapi.

(Kapita Nestor: "Karani, mboga yangu ilikosa chumvi mwezi muzima!" Sauti: "Uichote mu kidimbwi, Papa Kapita!" Kicheko.)

Naona baadhi ya mama wanainuka na majembe yao. Nendeni, mama, haja ni haja, mtarudi. Naona Mama Joséphine-Marie mwenyewe anatoka mbio na kitambaa kilichofungiwa kitu. Bila shaka ni machozi ya furaha, anaficha uso. (Mbuzi, akiwa bado kitini nyuma ya Karani, analamba kichwa chake.) Naam, asante, upepo ni mzuri.

Nisifu kidogo kazi yangu, kwa kuwa aliyepangiwa kunisifu ana homa. Ni nani alipima mashavu ya kijiji hiki kwa futi? Ni Isidore. Ni nani aliandika ukali wa nywele zenu kutoka namba moja hadi namba tisa, na kumpa Papa Hubert namba kumi? Ni Isidore! (Papa Hubert, polepole: "Isidore, geuka utazame.") Papa Hubert, kugeuka nyuma si maendeleo. Na tena naona, ingawa kwa ukungu, kwamba watu wangu kule karibu na kidimbwi wote wameinama. Wameinama kwa mistari! Miaka sita nimekuwa karani hapa, na hamjawahi kuniinamia hivyo. Nimeguswa. Kwa heshima hiyo nitaongeza saa moja. (Mbuzi anashuka, anaanza kula miche ndani ya kikapu.)

[Hapa alisema saa moja na nusu juu ya viwiko.]

Sasa namaliza. Semeni pamoja nami: Ngozi! ("Laini!" anajibu Papa Hubert peke yake.) Dongodongo! ("Mu sahani!" wanajibu kutoka shambani.) Namshukuru Bwana Mkubwa, ambaye hajui lolote kuhusu kiwanda hiki, kwa kuwa barua ya kumjulisha bado naitafutia karatasi. Naishukuru komisyo, ambayo ni mimi. Nawashukuru mafundi waliojenga kiwanda, na kwa kuwa hawapo na hakuna kilichojengwa, wala hakikuwahi kupangwa na mtu isipokuwa mimi, siku moja nilipokuwa nakula kabichi na kutamani nyingine, shukrani zao nazirudisha kwangu. Nashuka sasa na kikapu changu, nikate kamba ya ufunguzi, nipande.

(Anashuka. Anafuta miwani. Kikapu ni kitupu, na vile vijiti vya shambani vinawaka jikoni kwa Mama Agathe, chini ya chungu. Anasimama katikati ya shamba.)

Mama Joséphine-Marie, hii ni nini?

("Maharagwe, Karani. Iko mu udongo tangu ulipofika ku viwiko.")

Yote?

("Inabaki mbegu moja. Inua muguu, uko mu mustari.")

Ndugu wananchi! Baada ya uchunguzi wa kina, nimeamua kwamba shamba hili litapandwa maharagwe. (Anainua mguu. Makofi marefu.)