Magoti ya Bwana Tadeo

Barabara ya Nane,
Ngamiani, Tanga.
Machi 1957

Bwana Mhariri,

Baada ya salamu na heshima unazostahili, nina malalamiko. Jumapili ijayo Umoja wa Wakaaji wa Ngamiani utachagua viongozi, na shangazi yangu, Bi Mwanamkasi, anagombea umakamu wa rais. Mpinzani wake ni Bwana Tadeo, karani wa bandarini. Alhamisi iliyopita gazeti lako liliwaandika wote wawili, na nasikitika kusema kuwa mmemdhulumu Bwana Tadeo.

1. Mkutanoni shangazi alieleza namna ya kupata mfereji wa pili wa maji, maana huu mmoja hautoshi. Mwandishi wako akaandika kanga zake: rangi, pindo, hata msemo ulioandikwa, na kwamba zilimkaa vizuri "kwa umri wake." Bwana Tadeo alisimama kwa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi, nasi hatukusoma neno juu ya magoti yake. Wapigakura watamjuaje mtu ambaye magoti yake hayajajadiliwa?

2. Mliuliza nani atawatazama watoto wa shangazi akienda mikutanoni. Kitinda mimba wake ni kuli na ana ndevu. Wa Bwana Tadeo bado ananyonya, na hamkuuliza.

3. Mmeandika kuwa shangazi ameachika mara mbili, kwa hiyo hana utulivu wa kushika cheo. Mzee Idarusi, anayegombea urais, ameacha wake wanne, nanyi mmemwita "mtu mwenye uzoefu." Nimelifikiria jambo hili hata nikakosa usingizi. Naona kosa la shangazi ni kuishia mbili.

4. Mmeandika, "Watu wote wa Ngamiani wanasema mwanamke hawezi." Nimepeleleza. Mwandishi wako alikaa barazani kwa muuza kahawa tangu alasiri hadi magharibi, akawauliza wanywaji. Sisi wa uani hakutuuliza. Basi kwa mujibu wa gazeti lako sisi si watu. Sikasiriki, nataka tu kujua sisi ni nini. Ijumaa bibi alikataa kumpakulia baba, akamwambia, "Tangu lini asiye mtu akampikia mtu? Nenda kwa gazeti lako likupakulie, mwanangu!" Baba akala mkate mkavu.

Baba ndiye kaka yake shangazi, na hapa ndipo panaponiuma. Kwa aibu analificha gazeti chini ya godoro, na akienda msikitini siku hizi anapita uchochoroni. Amemtaka shangazi aondoe jina lake kabla ya Ijumaa. Naogopa shangazi atakubali. Akijitoa, hakuna mwingine aliyeutaja mfereji.

Kwa hiyo naomba haki Alhamisi hii. Ama mwandike aliyoyasema shangazi, ama mwandishi wako aende kwa Bwana Tadeo akayatazame magoti yale kwa makini, kisha amuulize Mzee Idarusi kama mabibi zake wanne wa zamani wanamwona mtulivu.

Nisalimie wapanga chapa, mwandishi wako, muuza kahawa wake, na mkeo, ambaye natumaini amewahi kuulizwa maoni.

Ni mimi, msomaji asiyeruka ukurasa,
Saleha binti Mbaruku

Nyongeza: Shangazi ameisoma barua hii. Amesema niitume, ila wewe usiitii. Kina mama wa ngoma yetu ya lelemama na wale wa ngoma pinzani walikuwa hawapeani hata moto wa jikoni. Tangu Alhamisi wanakaa mkeka mmoja wakisomewa gazeti lako, na wote wamechukua kadi za Umoja wapate kupiga kura. Kijakazi, mkuu wa wapinzani wetu, ameapa mbele ya watu: "Mwanamkasi simpendi, lakini wa kumsema ni mimi, si gazeti!" Kwa hiyo jina haliondolewi, na shangazi anakuomba Alhamisi hii umwandike vibaya zaidi. Mmesahau kuwa anakoroma. Mimi nalala chumba cha pili. Mnaweza kunitaja kuwa shahidi.