Pua ya Umeme Yafika Mtoni

Wito ulimfikia Godlisten akiwa kwa kinyozi. Redioni mtaalamu alieleza kwamba kuvu wenye sumu wakiota kwenye mahindi hutoa hewa yao, hafifu mno, na kwamba siku hizi vipo vyombo vya kuinusa. Wateja wengine waliendelea kubishania mpira. Godlisten aliinuka akatoka na nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa.

Keshokutwa yake alikuwa na mashine: kengele ya kugundua gesi ya jikoni, iliyopakwa rangi ya fedha, na kitufe kilichofichwa chini ya kidole gumba. Akiminya, inalia. Asipominya, inanyamaza. Sayansi haikuhitaji zaidi ya hapo.

Mpango ulikuwa mfupi. Atayahukumu mahindi mazima kuwa yana sumu, atayanunua kwa bei ya msiba eti akayachome, kisha atayauza kwenye mashine ya kusaga kule Mbezi Luis. Mtaji ulikuwa kodi ya miezi sita, ambayo mwenye nyumba wake wa Kigamboni aliitaka Ijumaa, la sivyo kitanda kitoke nje.

Alianza na Mahfudha, muuza nafaka wa Mtoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia una mashine inanusa."

"Inanusa sumu, mama. Ile ambayo mie na wewe hatuisikii."

"Mie ndiyo kabisa, nina mafua. Karibu stoo."

Stoo ilikuwa imefukizwa udi mpaka magunia hayaonekani vizuri. Godlisten, mtoto wa Rombo, aliamini ndivyo watu wa pwani wanavyompokea mgeni wa heshima. Alikohoa kwa adabu.

Gunia la kwanza mashine ilinyamaza, maana utapeli mzuri hauna haraka. Kuanzia la pili ililia mpaka la sitini.

Mahfudha alishika kichwa. "Yote?"

"Yote, mama, ukiacha lile la kwanza. Pole sana. Ila usijali, nitayachoma mie. Nakupa elfu kumi kila gunia, ya kukufuta machozi."

"Fanya kumi na tano. Mie machozi yangu mengi."

Walikutana kwenye kumi na mbili.

"Ila tufuate utaratibu," Mahfudha alisema huku akijifuta macho, na akamwita mzee Mwishehe, mwenyekiti wa mtaa, aliyetembea na muhuri kwenye mfuko wa shati. Mzee aliandika kwamba Bwana Godlisten, mtaalamu, amepima kwa chombo chake mwenyewe, amekuta sumu, na amenunua kwa hiari yake ili akachome. Godlisten alitia saini kubwa, kama anampa shabiki.

Hakufungua hata gunia moja. Afungue ya nini? Jiji zima hakuna aliyekuwa na uhakika na mahindi yale kumshinda yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kwamba mashine inadanganya.

Kule Mbezi Luis, mwenye mashine ya kusaga, Kokuberwa, alifungua gunia la kwanza akarudi nyuma hatua mbili.

"Braza, haya umeyafukua wapi?"

Mahindi yalikuwa yameshikana mabonge ya kijani. Lori lililoyaleta kwa Mahfudha lilinyeshewa njiani wiki tatu nyuma, na tangu siku hiyo Mahfudha alikuwa anafukiza udi asubuhi na jioni.

Godlisten alirudi Mtoni na lori alilokodi, magunia yakiwa juu. Mahfudha na mzee Mwishehe walikuwa barazani wanakunywa kahawa.

"Mama, mahindi yako mabovu!"

"Si ulituambia mwenyewe, mwanangu?"

"Niliwaambia, lakini..."

"Lakini nini?" mzee Mwishehe aliuliza, akikunjua ile karatasi. "Mashine ilidanganya? Sema tu, arudishiwe mtu hela yake, kisha twende wote kituoni ukaeleze ulikuwa unapima nini. Na mbona lori lilielekea Mbezi, wakati umesaini kuchoma?"

Godlisten aliitazama karatasi. Akakifikiria kitanda chake kikiwa barabarani Kigamboni, kisha akajifikiria mwenyewe kituoni, bila viatu wala mkanda. Akaweka kola yake sawa.

"Haikudanganya, mzee. Nilikuwa nawatafutia sehemu nzuri ya kuchomea."

"Sehemu ipo, nyuma ya ofisi ya mtaa. Saa kumi kamili kamati itakuja kushuhudia. Mafuta ya taa ni juu ya mtaalamu."

Mahfudha alimmiminia kahawa. "Kunywa kwanza, mwanangu. Moshi wake mkali."

Mtaalamu aliipokea kwa mikono miwili.

"Madumu mangapi?" aliuliza.