Tausi wa Pullayya

Pullayya hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu kilichopo. Yeye aliuza visivyokuwepo, kazi inayotaka akili zaidi.

Siku aliyomwona dalali Kesavulu akihaha kutafuta vitambaa vya kuchorwa vya kupeleka Siam, na meli imebakiza siku mbili kuondoka bandari ya Machilipatnam, mate yalimtoka. Akaenda moja kwa moja kwa Akkamma, mjane mchoraji, kununua vipande vitano vya pamba, vyeupe pee.

"Vyeupe vya nini, kaka?" Akkamma aliuliza. "Umefiwa?"

Pullayya hakuweza kuificha akili yake. Alimweleza yote. Angemwambia Kesavulu vimeshachorwa kwa maji ya shabu, na pwani nzima inajua mchoro wa shabu hauonekani mpaka kitambaa kichemshwe na mizizi ya rangi. Chungu kikipata moto, yeye yuko ng'ambo ya mto.

"Una kichwa," alisema Akkamma. "Njoo uvichukue kesho, nivifue kwanza."

Kesho yake Kesavulu alivinusa vitambaa, akasifu, akalipa varaha kumi za dhahabu. Kisha akamshika Pullayya mkono.

"Huondoki bila kula, bwana. Tuchemshe hiki cha juu huku tunakula."

Pullayya alimeza wali wa mtindi kama anameza mchanga. Bandarini pale muuza nguo za uongo hukatwa masikio, na yeye aliyapenda sana ya kwake. Chungu kilitokota. Kitambaa kikatolewa, na juu yake tausi wawili wekundu, wazuri ajabu, wakitazamana kwenye mkomamanga.

Hofu ilimtoka, tamaa ikaingia. Kumbe Akkamma, mjinga wa watu, amempa vilivyochorwa, vya thamani mara kumi ya alicholipwa!

"Tajiri, nirudishie hivyo vinne. Nimekosea."

"Wapi. Siam wanavisubiri."

"Mimi ni tapeli. Nimekudanganya. Havina kitu."

"Wasanii bwana," Kesavulu alisema kwa huruma. "Hawajui kujisifu."

"Niite mwizi basi. Nipeleke nikachapwe."

"Siwezi. Wewe ni mtu mwaminifu."

Ilimbidi Pullayya arudishe zile varaha kumi. Akaongeza bangili ya fedha, akaongeza punda, mwishowe akavua kilemba. Kesavulu alikubali kwa shingo upande, nusura alie.

Mchana kutwa Pullayya alichemsha vitambaa vyake kando ya mto. Vyote vinne vilitoka na rangi ya waridi hafifu, kama vimeona haya. Hapakuwa na hata unyoya.

Alipofika kwa Akkamma akitweta, alimkuta punda wake amefungwa mlangoni. Ndani, Kesavulu alikuwa amejilaza kwenye mkeka, kilemba kipya kichwani, anatafuna tambuu.

"Karibu, kaka," alisema Akkamma bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akichora. "Huyu ni dalali wangu tangu marehemu yu hai. Jana tu nilikuwa namsimulia habari zako."

"Wale tausi..."

"Nilichora usiku kucha, mgongo unaniuma. Ukiwataka kwenye hivyo vinne nitakuchorea." Akachovya kalamu kwenye maji ya shabu. "Ila wewe unalipa kwanza."