Malalamiko Dhidi ya Tembo Waliohamia Sudan Bila Ruhusa

Kibuli, Kampala
27 Februari 1977

Kwa Mkuu wa Idara ya Utafiti wa Wanyama

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi, Sadiq Abubakar, mhesabu tembo wako, nimerudi jana kutoka kambi ya kaskazini nikiwa mzima, na kwa hilo naomba radhi. Nina malalamiko dhidi ya tembo.

1. Hawaheshimu kazi. Miezi mitatu, kila lori la jeshi liliponguruma walikimbia kabla sijafika kumi, nami nikaanza upya.

2. Wengi wamekufa bila kuiarifu ofisi. Niliwakuta wamelala, pembe hawana, matundu ya risasi wanayo. Nilimuuliza Kapteni Obwona, mkuu wa kikosi cha pale, wamekufa kwa nini. Akasema, "Malaria." Nimeandika malaria.

3. Kumi na mmoja waliosalia walivuka kwenda Sudan mchana kweupe, bila pasipoti, wakiongozwa na jike mzee. Acayo, mpishi wetu, aliwapungia mkono. Nimemkaripia kwa maandishi.

4. Wamenifanya mwongo. Kapteni alikuta daftari langu lina sifuri. "Bwana Hesabu," akasema, "andika mia nne. La sivyo utakayepungua ni wewe." Nikaandika mia nne, kwa mwandiko mzuri sana, nikakutumia. Sasa nasikia umeipeleka hesabu hiyo juu, wakubwa wamefurahi, na Jumamosi wanaleta wageni kuwatazama.

Naomba basi tembo waamriwe kurudi kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, watumishi mia nane wa serikali wavishwe magunia, wawili wawili, wafunzwe kutembea taratibu. Wewe, kwa cheo chako, utakaa mbele, penye mkonga.

Nisalimie wote ofisini, na wale ambao viti vyao nimevikuta vitupu, popote walipo.

Mtumishi wako asiyebisha,
Sadiq Abubakar

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Kapteni Obwona, aliyeitwa Kampala wiki hii, amebisha hodi, amevaa kanzu ya kuazima. Kwenye kambi za jeshi wanasoma majina ya askari wa Kiacholi kama yeye, na wanaoitwa hawarudi. Ameisoma barua hii mpaka mwisho, mimi nimesimama ukutani nasubiri kufa. Ameniuliza jambo moja tu: "Wale tembo walipita wapi?"

Nimemchorea ramani. Halafu nimeitazama mwenyewe, nikavaa viatu. Barua utaipata tumeshafika. Malalamiko yote nayafuta. Tembo hawana kosa.