Rangi Tano za Kilti Yangu

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Mzee Phares anastaafu! Miaka yote ameongoza bendi ya kanisa letu kwa ile fimbo ya kichwa cha shaba, sasa anarudi kwao Butere. Kilti anaondoka nayo. Haki yake. Bendi hii imevaa kilti, zile sketi za marinda za wanaume, tangu enzi za wamishonari Waskoti, na kiongozi hujishonea yake, kwa mirabaraba aitakayo.

Tuko wawili tunaoitaka fimbo. Mimi, na jirani yangu Odera, karani wa reli. Odera ana nini? Miguu. Mirefu, imenyooka, ya kurithi. Mimi nilianza na kilo moja ya misumari hapa Mbotela, leo nina duka lenye mlango wa chuma. Hakuna aliyenirithisha hata goti.

Jumapili ya Mavuno, tarehe 27, nitaongoza bendi kwenda, Odera ataongoza kurudi. Kamati ya watu watano itatembea nyuma ya kiongozi, kama desturi, kisha ipige kura.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepata! Kilti ya Odera ni nyekundu na nyeusi, basi. Rangi mbili zitavuta kura ngapi? Yangu itakuwa na tano. Kila mjumbe na yake.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Mama Perez wa chama cha akina mama: zambarau. Ndete, mhazini: kijivu (ndivyo alivyo). Mzee Phares: kijani. Mjumbe wa kwaya, njano. Wa vijana, buluu. Kila mmoja nimemnong'oneza kwamba wake ndio mstari mkuu. Tumbo limejaa chai.

Ndindi, mke wangu, ambaye ndiye atakayeishona, akauliza, na yeye je? Nikamweleza kwa upole kwamba yeye hana kura.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo mimi na Ndindi tulikuwa mtaa wa Huruma, kwa Kasiva mfumaji. Alitazama mchoro wangu, akasema hiyo si kilti, ni mkutano. Wivu wa fundi. Mistari ya kulala nimeiacha nyembamba, nyeusi. Rangi za kura zisimame wima, inchi moja moja.

Ndindi akasema rinda zuri hula inchi sita za kitambaa na kuonyesha moja. Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Mchoro mzima uwe inchi sita! Kila rinda linakula mchoro mmoja kamili, hakuna salio. Kasiva hakuwa amewahi kuona hesabu safi namna hiyo. Alidai malipo kwanza.

Ila rangi tano ni inchi tano. Imebaki moja. Ndindi akaomba iwe ya chungwa. Nikampa. Mimi si mchoyo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Ndindi anashona. Aliniuliza aanze kukunja wapi. Nikamwambia popote, inchi ni inchi.

"Baba Kyule, una hakika?"

Mwanamke hafundishwi hesabu akaielewa siku moja. Nikarudia: popote. Akacheka akiwa na pini mdomoni, jambo la hatari.

Jioni nimejipima mbele ya kioo cha ukutani. Mbele hapa pana kipande kisicho na marinda, na rangi zote zimejipanga tumboni kama wajumbe kitini. Nyuma sikutazama. Nani hukagua mwanamume kutoka nyuma?

Jumapili, 27 Oktoba

Aibu.

Tuliondoka vizuri. Zumari za mfuko zinalia, watu wamejaa kando ya Jogoo Road, mimi narusha fimbo na kuidaka. Watoto wananihesabu rangi. Kisha nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Perez.

"Muthama, zambarau yangu iko wapi?"

Ndete naye akadai kijivu chake. Wa kwaya akasema amepigwa changa la macho. Nikapapasa nyuma, nikavuta rinda, nikachungulia begani. Chungwa. Nyuma nzima, kiuno hadi magoti, chungwa tupu! Kura zote tano zilikuwa zimelala ndani ya mikunjo.

Nikageuka niwaonyeshe mbele. Kosa. Kiongozi akigeuka, bendi hugeuka, ndiyo ishara. Ngoma zikageuka. Zumari zikageuka. Mkia ukawa kichwa, na mkiani alikuwa Odera, akingoja zamu yake. Ile miguu ikashika njia kurudi kanisani Makongeni, bendi nzima ikaifuata, nami nikafuata bendi. Kando ya barabara Ndindi alikuwa anapiga vigelegele, amejifunga leso ya chungwa.

Odera, kura tano. Mimi, sifuri. Alikuja kunipa mkono, akanialika nipige ngoma kubwa ya bendi. "Jirani, ile inaficha mtu mpaka magotini." Sijaamua kama ni wema au ni tusi.

Nyumbani nilimuuliza Ndindi kwa nini. Akasema si nilimwambia aanze popote? Basi alianza kwake. Ndipo nikaikumbuka ile rangi: sweta aliyovaa siku ya kwanza nilipomwona, kwenye foleni ya maji, ananishtaki kwa watu kwamba nimeruka zamu. Nilikuwa nimeruka.

"Ningekuwa na kura," akasema, "ningekupa."

Nikasogeza sahani. Akanipakulia nyama zaidi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimelala fofofo na kosa nimeligundua. Kosa ni marinda! Hesabu haikuwa na dosari.

Ndete anaachia kiti cha mhazini Desemba. Wapiga kura ni wale wale, Mzee Phares haondoki hadi Januari. Nitasimama, na nitavaa tai. Tai haina nyuma! Itakuwa na rangi tano, zilizofumwa na Kasiva. Mama Perez nimeshamwahidi mstari mkuu. Wa kwaya pia.

Ndindi amekubali kuishona bila ubishi. Aliuliza tu aanze kukata wapi.

Nimemwambia popote.